Ubao Unasema Mbili, Mashine Inasema Kumi

Mwezi huu nimechagua barua nne. Moja ni ya msimamizi wa zamu, moja ya opereta, moja ya mwenye karakana ya kushona, na ya mwisho ni ya dada wa kufungasha. Kwa wasionifahamu: nilianza kazi nikiwa mpimaji wa uzito kwenye kiwanda cha sabuni za mche, nikastaafu miaka 31 baadaye nikiwa mkuu wa ubora. Ninayoyajibu hapa niliyajifunza nikiwa nimesimama kando ya mashine.

Rijekti zinajaa chumba, ubao unasema zote ni safi

*Shikamoo mama. Ninasimamia zamu ya usiku kwenye kiwanda cha madumu ya plastiki ya lita 20. Mwaka jana uongozi ulituletea kaizen, ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo. Tulipaka mistari ya njano sakafuni, tukapanga zana ukutani, tukatundika ubao wa kuandika rijekti, yaani madumu mabovu, za kila zamu. Ubao unaonyesha asilimia 2, siku nyingine hata haifiki. Lakini mimi ndiye ninayefunga zamu, na chumba cha kusagia kinajaa madumu mabovu mpaka mlangoni. Wageni wakija, bosi huwapeleka kwenye ubao. Kikao cha asubuhi kimekuwa cha kusomeana namba na kutawanyika. Nianzie wapi?*
*Msimamizi wa zamu ya usiku*

Marahaba mwanangu. Kabla hujagusa mashine, kumbuka siku ya kwanza mtu alipoandika namba kubwa kwenye ubao ule. Aliitwa ofisini? Alikatwa mshahara? Alisimamishwa mbele ya wenzake? Bila shaka jibu unalo. Ubao wenu ulianza kusema uongo siku ile, na zamu zote zilizofuata zilijifunza.

Ninalijua hili kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya. Mwaka wangu wa pili nikiwa mkuu wa ubora niliagiza rijekti za kila zamu zisomwe kwa sauti asubuhi, na zamu yenye rijekti nyingi ijieleze mbele ya watu. Ndani ya miezi miwili namba zilishuka kwa nusu. Nilifurahi, nikaandika ripoti ndefu. Halafu usiku mmoja nilirudi kiwandani kuchukua miwani niliyoisahau, nikakuta vijana wawili wanabeba magunia ya vipande vya sabuni kutoka nyuma ya boila na kuyamwaga kwenye mtambo wa kuchanganyia. Hawakuwa wezi. Walikuwa wanaficha rijekti zao wasije wakasimamishwa asubuhi. Kosa halikupungua hata kidogo, lililopungua ni habari zake. Sikulala usiku ule.

Mmarekani W. Edwards Deming, ambaye mwaka 1950 alikwenda Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa makampuni hesabu za ubora, baadaye aliandika hoja 14 kwa mameneja. Ya nane ni kuondoa hofu kazini. Ya kumi ni kuacha kuwatundikia wafanyakazi kaulimbiu na malengo ya kuwahimiza wasikosee, maana makosa mengi yanatokana na mfumo, na mfumo haumo mikononi mwao. Wajapani wa wakati ule walikuwa wametoka vitani, viwanda vimebomolewa, na bidhaa zao zilidharauliwa duniani kama tunavyodharauliwa sisi leo. Mwaka uliofuata, 1951, walianzisha tuzo ya ubora wakaipa jina lake. Mwenye kudhani ubora unawezekana tu kwa nchi iliyokwisha kutajirika na aanzie hapo.

Sasa tuje kwenye dumu lako. Usibishane na ubao. Tafuta namba isiyomwogopa mtu yeyote: kaunta ya mashine. Mashine ya kupulizia huhesabu kila mara moldi, yaani kalibu ya dumu, inapofunga, na haijui bosi ni nani. Kwa siku sita andika kaunta mwanzo na mwisho wa kila zamu, kisha chukua hesabu ya madumu mazima yaliyopokelewa stoo. Tuseme kaunta imesogea 7,200 na stoo wamepokea 6,480. Madumu 720 hayakufika. Hiyo ni asilimia 10, si 2.

Ukimpelekea bosi namba hiyo atakujibu kama wangu alivyonijibu: "Lakini tunasaga tena, hakuna kinachopotea." Jiandae kwa jibu hilo, kwa sababu ndilo linaloficha ugonjwa wenyewe. Ikiwa dumu moja linachukua dakika moja, madumu 720 ni dakika 720, yaani saa 12. Kila wiki zamu nzima inakuja kazini, inawasha mitambo, inatoa jasho na kulipwa kwa kutengeneza vitu vya kusaga. Umeme uliyeyusha plastiki ile, kompresa ikaipuliza, mikono ikaikata mabaki, kisha krasha ya kusagia ikala umeme wake. Na plastiki inayopikwa mara kwa mara hupungua nguvu. Tena kiasi cha plastiki iliyosagwa kikibadilika leo kikombe kimoja kesho vitano, mchanganyiko unaotoka kwenye kichwa cha mashine unabadilika unene na mwendo, na opereta anashindwa kuutuliza. Rijekti ya jana inazaa ya leo. Mwambie hivyo, polepole, ukiwa na karatasi mkononi.

Na umwombe kitu kimoja tu: kwa siku 60, asikatwe mtu, asisimamishwe mtu, kwa sababu ya rijekti aliyoiandika. Siku 60 basi. Akikubali, waambie vijana mbele yake, wamsikie kwa masikio yao. Namba itapanda wiki ya kwanza. Mwonye mapema kwamba itapanda, la sivyo atadhani umeharibu kiwanda. Kupanda kule ndiyo habari njema ya kwanza mtakayoipata.

Baada ya hapo chukueni rijekti za zamu moja mzimwage chini, mzipange kwa mafungu: yanayovuja kwenye mshono wa chini, yenye pembe nyembamba, yenye madoa meusi, yenye mdomo mbovu. Usitumie kompyuta. Mafungu yanaonekana kwa macho, na karibu kila mara moja au mawili yatakuwa makubwa kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja. Joseph Juran, ambaye naye alikwenda Japani kufundisha, mwaka 1954, ndiye aliyeieneza kanuni hii viwandani: sababu chache hubeba hasara nyingi. Shikeni fungu kubwa, mengine myaache kwa sasa hata kama yanaudhi.

Tuseme ni mshono wa chini. Mpe opereta kalamu nene, aandike saa kwenye kila dumu linalovuja. Baada ya siku tatu mtaanza kuona nyakati. Kama kiwanda chenu kinakatikiwa umeme, naweka dau kwamba mengi yatakuwa yametoka kwenye nusu saa ya kwanza baada ya umeme kurudi. Hapo ndipo "kwa nini" zinapoanza. Kwa nini mshono unafunguka? Plastiki ilikuwa haijapata joto la kutosha kushikana pale moldi inapoibana. Kwa nini? Mashine ilianza kutoa madumu kabla kichwa hakijapata joto sawa pande zote. Kwa nini ilianza? Hakuna aliyeandika isubiri kwa muda gani, kila opereta anakisia. Kwa nini anakisia kwa haraka? Kwa sababu zamu inapimwa kwa idadi ya madumu yaliyotoka, hata yawe mabovu. Taiichi Ohno wa Toyota alizoea kusema uulizwe "kwa nini" mara tano. Idadi si muhimu sana kwangu. Muhimu ni usiishie kwenye neno "uzembe". Ukifika kwenye uzembe ujue umesimama njiani, endelea kuuliza.

Halafu jaribuni badiliko moja. Moja, si matatu kwa pamoja, maana mkibadilisha matatu hamtajua lipi limeponya. Pengine mtakubaliana kwamba baada ya umeme kurudi mashine isubiri kwa muda mliopima wenyewe, na madumu matatu ya kwanza yajaribiwe kwa hewa ndani ya maji kabla ya kuendelea. Hesabuni wiki moja. Likifanya kazi, opereta aliandike kwa maneno yake kwenye karatasi moja ibandikwe kando ya mashine. Lisipofanya kazi, lifuteni bila kumlaumu aliyelipendekeza, mjaribu lingine. Kupanga, kutenda, kukagua, kurekebisha, kisha kurudia. Kaizen ni hiyo. Mistari ya njano ni maandalizi yake.

Siidharau mistari. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia: S zote tano za kupanga mahali pa kazi ninaziheshimu, na karakana chafu huficha mafuta yanayovuja na nati iliyolegea. Lakini nimetembelea viwanda vingi ambako S tatu za kwanza zilifanyika wiki moja, zikapigwa picha, na zile mbili za mwisho hakuna aliyeziuliza tena.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Sakichi Toyoda, baba wa ukoo uliokuja kuanzisha kampuni ya magari, alikuwa mtengeneza mitambo ya kufumia nguo. Mtambo wake wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Mtambo usiojisimamisha huendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu aone, kwa hiyo huhitaji mlinzi. Wazo lile lilihamia kwenye magari: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, msimamizi anakuja mbio kumsaidia, na ikishindikana mstari unasimama. Anakuja kumsaidia, mwanangu, hafiki kumfokea. Kwenye zamu yako ya usiku wewe ndiwe unayekuja mbio. Unavyofika mara ya kwanza opereta akisimamisha mashine, uso wako ulivyo, ndivyo itakavyoamuliwa kama atasimamisha mara ya pili.

Kila saa ninarekebisha, na uzito unazidi kuyumba

*Mama, ninaendesha mashine ya kujaza sabuni ya unga. Kila saa mkaguzi anapima pakiti moja. Ikizidi ananiambia nipunguze, ikipungua ananiambia niongeze. Ninatii. Lakini ninavyotii ndivyo uzito unavyoyumba, na lawama ni zangu. Je, mashine imechoka?*
*Opereta*

Huenda mashine ni nzima kabisa, na kinachoyumbisha ni huko kurekebisha.

Sisi kwenye sabuni za mche tulikuwa na skrubu moja iliyosogeza kisu, mche ukawa mrefu au mfupi. Mpimaji nilikuwa mimi. Nikiona mche umezidi gramu tatu ninamwambia opereta akaze, umepungua mbili alegeze, na wote wawili tulijiona watu makini. Siku moja opereta wa zamu nyingine aliumwa, aliyeshika nafasi yake alikuwa mgeni na aliogopa kugusa skrubu. Siku ile miche ilitofautiana gramu 10 tu kati ya mzito na mwepesi. Siku zetu za umakini zilikuwa gramu 14. Sikuelewa mpaka miaka kadhaa baadaye niliposoma hesabu yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mashine ina mtikisiko wake wa kawaida, hata ikiwa nzima na imetulia. Pakiti moja itazidi kidogo, inayofuata itapungua kidogo, hakuna sababu moja ya kuikamata. Ukipima pakiti moja iliyozidi kwa bahati tu, ukapunguza kwa kiasi kilekile, umeihamisha mashine nzima kufuata bahati ya pakiti moja. Inayofuata ina bahati yake pia, na sasa imebebeshwa ya kwanza. Mitikisiko miwili imejumlishwa. Ukifanya hivyo kila mara, upana wa kuyumba huongezeka takriban mara 1.4, ndiyo ile 10 yetu ikawa 14.

Walter Shewhart aliutatua ugumu huu mwaka 1924 akiwa kwenye kampuni ya Western Electric huko Marekani. Alichora grafu yenye mstari wa wastani katikati na mipaka miwili, juu na chini, iliyopatikana kwa kupima kuyumba kwa mashine yenyewe, si kwa matakwa ya meneja. Kipimo kikiwa ndani ya mipaka na hakuna mwelekeo wowote, mikono mfukoni. Kikitoka nje ya mpaka, au vipimo nane mfululizo vikiangukia upande mmoja wa wastani, hapo kuna jambo, simamisha ulitafute: unga umepata unyevu, mdomo umeziba, mzani umesogezwa.

Mwombe mkaguzi apime pakiti tano kila saa badala ya moja, mchore wastani wa zile tano, na kwa siku mbili za kwanza msiguse kitu isipokuwa mashine imeharibika waziwazi. Msimamizi wenu aidhinishe kwanza, maana pakiti pungufu kuliko ilivyoandikwa haziruhusiwi kutoka kwa kisingizio cha majaribio, zitengwe zijazwe upya. Mkaguzi akikataa, mwonyeshe safu hii. Mwambie imeandikwa na mtu aliyekuwa kwenye kazi yake na aliyekosea vilevile.

Mshauri ananiuzia faili la ISO

*Nina karakana ya kushona sare, wafanyakazi 14. Mnunuzi mkubwa anataka cheti cha ISO 9001. Mshauri mmoja ameniambia ana faili lililokamilika, nibadilishe jina la kampuni tu, na kwamba "ISO watanipa cheti" ndani ya wiki tatu. Nikubali?*
*Mwenye karakana*

Usikubali, dada. Sentensi yake ina uongo tayari. Shirika la ISO huandika viwango, halimpi mtu cheti. Vyeti hutolewa na mashirika ya ukaguzi yanayojitegemea, na ni salama zaidi shirika la ukaguzi lenyewe liwe limetambuliwa na chombo cha ithibati, yaani chombo kinachothibitisha uwezo wa wakaguzi. Muulize mshauri wako ni shirika lipi, na limepewa ithibati na nani. Kwa kawaida cheti hukaa miaka mitatu, na kila mwaka wakaguzi hurudi kuangalia. Faili la kununua litaumbuka mbele ya hao wa mwaka wa pili.

Jua pia unanunua nini. ISO 9001 haisemi kwamba sare zako ni nzuri. Inasema una utaratibu: unajua mteja anataka nini, unapima, unatunza kumbukumbu, na kosa likitokea unatafuta chanzo chake lisirudi. Toleo la kwanza lilitoka 1987, nalo na yaliyolifuata yalipenda makaratasi mno, ndiyo maana watu bado wanauza mafaili. Toleo la 2015 halilazimishi hata kile kitabu kikubwa cha mwongozo wa ubora. Linataka uandike kinachohitajika ili kazi yako iende na ithibitishike. Kwa watu 14 hicho ni kitu kidogo kuliko unavyotishwa.

Kwa hiyo fanya kazi yenyewe kwanza, miezi sita, kisha uite wakaguzi. Anza na tepu. Kusanya tepu zote za karakana, zilaze pembeni ya rula moja ya chuma. Tepu za kitambaa hurefuka kwa kutumika, na nimeona karakana ambako fundi wa kukata na fundi wa kupima walitofautiana sentimita nzima kwenye kiuno, kila mmoja akimwona mwenzake mzembe. Zilizorefuka ziondoe. Halafu kila mzigo wa kitambaa ukiingia, kata kipande chenye kipimo kamili, kifue, kikaushe, kipime tena, uandike kimerudi kiasi gani kabla ya kukata sare hata moja. Tunza sampuli moja aliyoikubali mteja, imetiwa sahihi, itundikwe pale wanaposhona. Na uwe na daftari moja la kasoro: tarehe, kasoro gani, imeonekana hatua gani, tulifanya nini. Daftari hilo likiwa la kweli, mkaguzi akifika atalipenda kuliko faili lolote.

Kuhusu kama mambo haya madogo yanalipa: watafiti waliwahi kuchukua viwanda vya kufuma nguo karibu na Mumbai nchini India, vingine wakavipa washauri wa kuvisaidia kwa miezi kadhaa na vingine wakavipa msaada mdogo tu, ili walinganishe. Walichosaidiwa hakikuwa mashine mpya. Kilikuwa kurekodi kasoro za ubora na kuzijadili kila siku, kutunza mitambo kabla haijaharibika, kupanga stoo ya nyuzi ijulikane kuna nini. Mwaka wa kwanza tija ya vilivyosaidiwa ilipanda asilimia 17. Wengi wa wenye viwanda walikuwa hawajui kabla ya hapo kwamba wako nyuma.

Mnunuzi mwambie ukweli: cheti bado, utaratibu umeanza, karibu ukague mwenyewe. Wengine watakataa. Wengine huja, na anayekuja akaona daftari na sampuli huwa mteja wa muda mrefu.

Wazo langu litawatoa watu watatu, nami nimo

*Shikamoo. Niko kwenye kufungasha. Kiwandani kumewekwa kisanduku cha mawazo na zawadi kwa wazo bora la mwezi. Mimi nina wazo. Tukisogeza meza na kubadilisha mpangilio wa maboksi, kazi ya watu saba itafanywa na wanne. Wenzangu nimewaambia wawili tu. Mmoja amesema nikitoa wazo hilo nitakuwa nimewauza. Nilitoe au ninyamaze?*
*Wa kufungasha*

Marahaba binti yangu. Usilitie kwenye kisanduku bado. Na mwenzako aliyekuambia hivyo usimkasirikie, ana haki ya kuogopa.

Kwenye kiwanda nilichofanyia kazi kwa miaka mingi, kijana mmoja wa kufungasha alitoa wazo la namna hiyo hiyo. Lilikuwa zuri, nililipigia debe mimi. Tulipiga picha, akapewa zawadi, tukapigiwa makofi. Mwezi uliofuata watu wanne wa mstari ule waliambiwa mkataba haurefushwi. Nilikwenda kwa mkurugenzi kuwatetea nikiwa nimechelewa, uamuzi ulikwisha kusainiwa. Kisanduku kile kilikaa ukutani miaka mitatu baada ya hapo na kila Ijumaa nilikifungua mimi. Nilikuta vumbi, na mara moja nilikuta karatasi ya pipi. Hakuna mafunzo, hakuna semina iliyoweza kurudisha kilichopotea mwezi ule. Yule kijana hakula tena na wenzake.

Hili si jambo la huruma tu, waliotutangulia waliliona mapema. Japani walipoanzisha kituo chao cha tija mwaka 1955, vyama vya wafanyakazi vilikuwa na hofu hiyo hiyo yenu. Kampeni nzima ikawekewa misingi mitatu: tija ilenge kuongeza ajira, na watakaobaki bila kazi kwa muda wahamishiwe kwengine badala ya kufukuzwa, wafanyakazi na waajiri washauriane namna ya kuiongeza, na matunda yake yagawanywe kwa haki kati ya waajiri, wafanyakazi na walaji. Misingi hiyo ilitangulia, mawazo ya watu yakafuata. Viwanda vingi vya kwetu vinachukua kisanduku na kuacha misingi mitatu, kisha vinashangaa kisanduku kikiwa kitupu.

Kwa hiyo nendeni mkiwa kundi. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, mwenyekiti aongoze. Kama hamna, chagueni watu wawili wenye kusikilizwa. Ulizeni uongozi swali moja, bila kutaja wazo lako: mtu ambaye kazi yake itapunguzwa na wazo la uboreshaji, atapelekwa wapi? Msiridhishwe na "tutaangalia". Takeni jibu la maandishi, lenye sahihi, lisemalo kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya wazo lililotoka kwa wafanyakazi, na kwamba wanaobaki bila nafasi watahamishiwa kwengine na kufundishwa. Kiwanda kinachokua kina mahali pa kuwaweka watatu. Daima kuna mashine isiyo na mtu wa kuikagua, stoo isiyohesabiwa, zamu inayokosa mpimaji. Nyinyi mnaojua kufungasha mnajua kasoro za bidhaa kuliko mtu yeyote, wapimaji wazuri hutoka kwenu. Mimi nilitoka kwenye mzani mdogo uliokuwa mwisho wa mstari wa kufungasha.

Wakikataa kuandika, umepata jibu lako kuhusu kisanduku, na hakuna mwenye haki ya kukuita mbinafsi ukikaa kimya. Wakikubali, wazo litolewe kwa jina la wote saba, mchoro wa meza uchorwe na wote saba, na mjaribu siku tatu kabla halijawa utaratibu.

Wakati mnasubiri, andika wazo hilo kwenye daftari lako la nyumbani. Chora meza zilivyo sasa na zitakavyokuwa, hesabu hatua anazotembea kila mtu kwa boksi moja, weka tarehe. Na barua hiyo ya uongozi ikitoka, niandikie wamesema nini.